Kasi Hulipwa kwa Joto: Habari za Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Kwa muda sasa askari wa jeshi na wa polisi wanaofika katika ofisi yetu wamekuwa wakituuliza swali moja. Wameona vijana wa mijini wakiunda kompyuta za mezani kwa mikono yao wenyewe, kompyuta ambazo ndani yake maji huzunguka katika mipira, na ambazo husemekana kukimbia kuliko zile zitokazo kiwandani. Wanataka kujua kama jambo hilo ni kweli, kama lina faida, na kama askari mwenye akiba yake ndogo anaweza kulifanya bila kupata hasara. Tumeona heri tuwajibu wote kwa pamoja katika ukurasa huu. Tutawajibu kama watu waliolijaribu, wakaharibu, wakalipa, kisha wakalifanya tena.

MAJI NA CHUMA CHENYE MOTO

Askari hana haja ya kufundishwa mbali ili aelewe kwa nini maji huwekwa katika mashine. Mwaka 1884 Hiram Maxim aliunda bombom yake, bunduki ya rashasha iliyojipakia yenyewe kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Mara moja ilionekana kwamba adui wa bunduki hiyo si vumbi peke yake, bali ni joto la mtutu wake. Basi mtutu ukavikwa ala ya chuma iliyojazwa maji. Bombom ya Vickers, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza tangu mwaka 1912 hadi 1968, ilichukua maji yapatayo lita nne katika ala yake. Maji yalipochemka, mvuke ulipitishwa kwa mpira hadi ndani ya debe, ukarudi kuwa maji. Kwa njia hiyo maji hayakupotea bure, wala mvuke haukumwonyesha adui mahali ilipo bunduki.

Dereva wa lori naye anaijua habari hii kwa njia nyingine. Injini yake hutoa joto, pampu huyasukuma maji yapite kando ya joto hilo, na rejeta iliyo mbele huyapoza kwa upepo. Pampu ikifa mlimani, dereva hasimami kwa hiari yake.

Kompyuta nayo haikuanza jana kupozwa kwa namna hii. Mashine kubwa ya IBM iitwayo 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji. Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa nzima ndani ya kioevu kisichopitisha umeme. Kilichobadilika siku hizi ni kwamba kazi iliyokuwa ya viwanda vikubwa sasa inaweza kufanywa na mtu mmoja, juu ya meza, kwa bisibisi moja.

NGOMA YA GWARIDE

Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo cha silikoni kiitwacho prosesa, ambacho ndicho bongo la mashine. Prosesa hufanya kazi yake yote kwa kufuata mapigo, kama kikosi kifuatavyo ngoma ya gwaride. Kikosi kiendacho mwendo wa haraka hupiga hatua zipatazo 120 kwa dakika. Prosesa ya gigahezi 4.5 hupokea mapigo bilioni 4.5 katika sekunde moja. Kiwanda huipima kila aina ya prosesa, na kuipa mapigo ambayo kina hakika itayafuata bila kukosea. Kuzidisha mapigo ni kumwamuru mpiga ngoma apige kwa haraka kuliko kipimo hicho.

Mpiga ngoma akizidisha kidogo, kikosi kilichofundishwa vema kitamfuata. Akizidi kuzidisha, atatokea askari mmoja wa mstari wa nyuma atakayekosa hatua, naye atamgonga aliye mbele yake. Katika prosesa kosa la namna hiyo ni swichi moja kati ya mabilioni iliyochelewa kufunga. Matokeo yake ni kwamba kompyuta huganda, au hujizima, au, na hili ndilo baya kuliko yote, huendelea na kazi huku ikitoa jibu la uongo.

Katika mwaka 1998 wapenzi wa mambo haya waligundua jambo lililowafurahisha sana. Prosesa ya Intel iliyoitwa Celeron 300A, ambayo ilikuwa ya bei nafuu, iliuzwa kwa mapigo ya megahezi 300. Ilifanya kazi kwa kuzidisha mara nne na nusu mapigo 66 ya mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote. Waliobadili mapigo ya mazabodi kutoka 66 hadi 100 walipata megahezi 450, na nyingi kati ya prosesa hizo zilistahimili. Tangu hapo wengi wamekuwa wakiitafuta bahati kama ile.

Lakini kasi haiji bure. Ili swichi ziwahi mapigo ya haraka, hazina budi kuongezewa volti, na hapo ndipo hesabu inapouma. Joto la prosesa hukua sawa na mapigo yake, ila kwa volti hukua kwa kuzidisha volti hizo kwa zenyewe. Tutoe mfano. Prosesa iendayo gigahezi 4.5 kwa volti 1.20 tukiipeleka hadi gigahezi 5.1 kwa volti 1.32, mapigo yameongezeka kwa asilimia 13. Volti zimeongezeka kwa asilimia 10, na tukizizidisha kwa zenyewe tunapata asilimia 21. Kwa jumla joto limeongezeka kwa asilimia 37. Kwa maneno mengine, tumenunua asilimia 13 ya kasi kwa asilimia 37 ya joto. Atakaye kasi, na aanze kwanza kwa kuandaa njia ya kuliondoa joto hilo.

KAZI YA MAJI

Hewa ni mbebaji dhaifu wa joto. Lita moja ya maji hubeba joto lipatalo mara 3,500 ya lile libebwalo na lita moja ya hewa, kwa kupanda nyuzi zile zile. Ndiyo maana mpira usiozidi unene wa kidole waweza kufanya kazi ambayo feni kubwa huihangaikia kwa kelele nyingi.

Vipande vya mfumo wenyewe ni vichache. Juu ya prosesa hukaa kibao cha shaba, ambacho mafundi hukiita bloku, chenye vijia vyembamba ndani yake ambamo maji hupita. Kati ya shaba na prosesa hupakwa grisi maalumu, kiasi cha punje ya njegere, ili hewa isibaki katikati. Kadi ya picha nayo huweza kuvikwa bloku yake. Mipira huyachukua maji yenye joto hadi kwenye rejeta yenye feni mbili au tatu, kisha maji hurudi katika tangi dogo na pampu huyasukuma upya. Pampu ikipitisha lita tatu kwa dakika, na mashine ikitoa joto la wati 400, maji yatapanda nyuzi mbili tu kila yanapopita. Kazi ngumu hubaki kwa rejeta.

Kuna makosa matatu ambayo mwanzo wa kazi hauyaonyeshi. La kwanza ni kuchanganya rejeta ya alumini na bloku ya shaba katika maji yale yale, kwani metali hizo mbili zikikutana majini, alumini huliwa polepole. La pili ni kutumia maji ya bomba, ambayo chumvi yake huziba vijia vya shaba. Yatumiwe maji yaliyokenekwa, kama yale ambayo mafundi wa magari huongezea katika betri, wala si asidi ya betri, na yatiwe dawa ya kuzuia ukungu wa kijani. La tatu ni kudhani kwamba maji yataishusha mashine chini ya joto la chumba. Rejeta haiwezi kufanya hivyo. Chumba kikiwa na nyuzi 28, maji yatakuwa juu ya 28. Mwenye ofisi ya mabati isiyo na dari na aanze kwa kuirekebisha ofisi yake kabla ya kununua rejeta.

YALIYOTUPATA

Sajini mmoja wa kikosi cha mawasiliano aliweka akiba kwa miaka miwili. Alinunua prosesa ya Intel iitwayo Core i5-12600K, aina ambayo ilitoka mwaka 2021 na ambayo huruhusu mapigo kuzidishwa, pamoja na mazabodi ya Z690, kadi ya picha, rejeta ya feni tatu, pampu na mipira. Nia yake ilikuwa kwamba atakapostaafu afungue studio ya kutengeneza filamu za harusi na za mikutano katika mji wake. Ofisi yetu, iliyokuwa na filamu ya gwaride la kufuzu kwa makurutu, ilimwomba aiunge mashine hiyo mbele yetu, itusaidie siku chache. Alikubali kwa moyo mweupe.

Jioni ya siku ile kila kipande kilikuwa mahali pake, na maji yalikuwa yamejazwa. Sajini akatuambia, "Afande, naomba tuizungushe pampu peke yake hadi kesho asubuhi. Prosesa na kadi visipate umeme kwanza. Tuweke karatasi nyeupe chini ya viungio, tuone kama kuna tone."

Tulimuuliza kazi hiyo itachukua muda gani.

"Saa ishirini na nne, Afande. Hata kumi na mbili si mbaya."

Filamu ilitakiwa mezani kwa mkuu wetu kesho yake saa sita mchana. Tulitazama viungio, tukavigusa kwa vidole, vikawa vikavu. Tukamwambia, "Sajini, viungio vimekaza. Washa."

Alisimama kimya kidogo, kisha akajibu, "Ndiyo, Afande," akawasha.

Kwa dakika arobaini mashine ilifanya kazi vizuri, nasi tulikuwa tumekwisha kuanza kujipongeza. Kisha picha kwenye kioo ikapasuka mistari, ikatoweka. Sajini aliuchomoa waya wa umeme ukutani kabla hatujauliza lolote. Kiungio kimoja juu ya kadi ya picha kilikuwa kimevuja. Kipete chake cha mpira kilikuwa kimebanwa upande wakati wa kukazwa, kikashika maji yakiwa baridi, na kikaachia yalipopata joto. Maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme vema, lakini yakianguka juu ya kadi huyeyusha vumbi na chumvi vilivyopo hapo, na tangu dakika hiyo huupitisha. Kadi ya picha haikuwaka tena. Sehemu nyingine zilipona kwa sababu mkono wa sajini ulikuwa mwepesi.

Tunaieleza habari hii kwa urefu kwa kuwa kosa halikuwa la mashine, wala la aliyeiunda. Fundi alitoa shauri lililo sahihi, na mwenye cheo akalipita kwa sababu ya saa ya ukutani. Cheo kinaweza kumwamuru sajini, lakini hakiwezi kuamuru kipete cha mpira. Katika taarifa tuliyoiandika tulisema hivyo hivyo, na filamu ilipelekwa kwa kuchelewa siku mbili, ikiwa imetengenezwa kwa mashine ya zamani. Kadi nyingine tuliinunua kwa mshahara wetu, kwa miezi mitano. Sajini hakudai, lakini akiba ile ilikuwa ya uzeeni kwake.

MARA YA PILI

Kadi mpya ilipopatikana, sajini aliongoza na sisi tukashika taa. Viungio vyote vilifunguliwa, vipete vikapakwa maji kidogo ili visijipinde, kisha vikakazwa kwa mkono bila kutumia nguvu ya koleo. Plagi kubwa ya nyuzi 24 itokayo katika pawa saplai haikuchomekwa katika mazabodi. Uzi wake wa kijani uliunganishwa na mweusi kwa kipande cha waya, nayo pawa saplai ikawaka na kuiendesha pampu peke yake. Karatasi nyeupe zilitandazwa chini ya kila kiungio. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya uvujaji ni doa moja la unyevu lisilozidi ukubwa wa punje ya mtama. Tuliikagua kila baada ya saa mbili hadi usiku, na tena alfajiri. Baada ya saa 24 karatasi zote zilikuwa kavu.

Ndipo ikaja kazi ya kuzidisha mapigo, ambayo nayo ina utaratibu wake. Kwanza mashine iliendeshwa kwa vipimo vya kiwanda, ili ijulikane ni nzima. Kisha katika bayosi, yaani ile programu ya awali iliyomo ndani ya mazabodi, mapigo yalipandishwa kwa megahezi 100 tu, na prosesa ikapewa kazi nzito ya nusu saa kwa programu ya Prime95, ambayo hupiga hesabu kubwa na kutangaza jibu likikosewa. Iliposhinda, tulipanda tena 100. Ilipokosea, tuliongeza volti kwa kiasi kidogo sana, tukajaribu upya. Siku moja ilikataa kuwaka kabisa. Sajini alitoa ile betri ndogo mfano wa sarafu iliyo juu ya mazabodi, akangoja dakika chache, akairudisha, na mashine ikasahau amri zetu zote ikarudi katika vipimo vya kiwanda. Mwenye kuujua mlango huo wa kurudia haogopi.

Kikomo cha prosesa hiyo kwa joto ni nyuzi 100, ambapo yenyewe hupunguza mapigo ili ijiokoe. Sisi tulijiwekea mpaka wa 85. Tulifika gigahezi 5.1 kwa volti 1.32, na chumba kikiwa na nyuzi 28 prosesa ilisimama kwenye nyuzi 79. Tulijaribu 5.2. Ilidai volti nyingi mno, na joto likapita mpaka wetu kwa ajili ya mapigo 100 tu. Tukarudi 5.1, tukaiacha ipige hesabu usiku mzima, na asubuhi haikuwa na kosa hata moja.

JE, INAFAA?

Sasa tunalijibu swali tulilolianzia. Filamu ambayo kwa vipimo vya kiwanda ilichukua dakika 60 kutoka, sasa ilichukua dakika 54. Hiyo ndiyo faida yote, dakika sita katika kila saa. Kwa mwenye studio anayetoa filamu kutwa kucha ni faida. Kwa karani wa kituo cha polisi anayeandika taarifa na kutunza daftari za mahabusu, si kitu. Atafaidika zaidi akinunua kumbukumbu ya kutosha, na kifaa cha kushikilia umeme unapokatika.

Isitoshe, prosesa za siku hizi si kama zile za mwaka 1998. Hujipandishia mapigo zenyewe zikiona joto linaruhusu, kwa hiyo kiwanda kimekwisha kuichukua sehemu kubwa ya ziada iliyokuwa ikibaki zamani. Ndiyo sababu wanaotafuta rekodi wameacha maji, wakaenda kwenye baridi kali isiyofaa kwa kazi ya kila siku. Mwaka 2011 prosesa ya AMD ilifikishwa gigahezi 8.429, na mwaka 2022 ya Intel ikapita 9 kwa kupozwa na heli iliyogeuzwa kioevu. Mashine hizo hukimbia kwa dakika chache tu. Na volti, hata zikitolewa na kiwanda chenyewe, zikizidi huumiza. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kwa sababu zilijiombea volti za juu kupita kiasi, ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Anayezidisha mapigo kwa mkono wake asitegemee dhamana ya kiwanda.

Kwa kazi za nje ya kambi tunashauri feni na chuma, bila maji. Mashine ya maji haipendi kubebwa juu ya lori katika barabara ya kokoto. Ikibidi kuhamishwa, imwagwe maji kwanza, na ifikapo ipimwe upya kama siku ya kwanza. Maji yabadilishwe kila mwaka, na vumbi la rejeta lipulizwe kila mwezi wakati wa kiangazi, kwa kuwa rejeta iliyozibwa na vumbi jekundu ni sawa na lori lililofungwa blanketi mbele.

Mashine ya sajini ingali ikifanya kazi. Ameiweka nyumbani kwake juu ya meza imara, mbali na dirisha, na wikendi hutengeneza filamu za majirani kwa malipo madogo. Tulipomtembelea mara ya mwisho tulikuta amebadilisha mpira mmoja. Mashine ilikuwa imezimwa, pampu inanguruma peke yake, na chini ya kiungio kipya palikuwa na karatasi nyeupe. Tulimuuliza ameiacha hivyo tangu lini. Akajibu, "Tangu jana jioni, Afande. Bado saa nne." Tukavuta viti, tukangoja pamoja naye.